Mauzo, ongezeko la thamani au idadi ya mikono? Njia za kupima pato la viwanda vidogo vya mji

Chukua mafundi cherehani wawili wanaotazamana. Wa kwanza ananunua kitambaa, uzi na vifungo kwa 600, anashona gauni na kuliuza 1,000. Wa pili huletewa kila kitu na mteja. Anashona gauni lile lile, kwa mshono ule ule, na kulipwa ufundi wake 400. (Weka fedha yoyote unayoitumia, hesabu haibadiliki.) Ukiwapima kwa mauzo, wa kwanza amemzidi mwenzake mara mbili na nusu. Ukiwapima kwa kile walichoongeza juu ya kitambaa, wamelingana: 400 kwa 400.

Mji mzima una mamia au maelfu ya mafundi wa namna hii, na anayetaka kujua viwanda vidogo vinachangia nini lazima achague kipimo kabla hajachapisha dodoso hata moja. Halmashauri inayopanga eneo la karakana, chama cha mafundi kinachotaka kusikilizwa, mwanafunzi mwenye tasnifu mkononi: wote wanauliza swali linalofanana, ila jibu wanalolihitaji si moja. Msimamo wangu, baada ya kuzunguka na madodoso kwa muda wa kutosha kuchakaza viatu, ni kwamba ongezeko la thamani ndilo pato la kweli, na njia ya kulifikia ni kumfuata mtu, si jengo. Zipo hali ambazo ningechagua vingine. Nitazitaja kila inapofika zamu yake.

Nani yumo, nani hayumo

Hili watu hulipita haraka, kisha linawarudia mwishoni wakati takwimu zimegoma kulingana. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, ISIC, katika toleo lake la 4 unaweka uzalishaji viwandani kwenye Sehemu C, yenye divisheni 24, kuanzia namba 10 hadi 33. Ukubwa wa kiwanda hauhusiki. Fundi cherehani anayempima mteja mmoja mmoja yumo ndani ya C sawa na kiwanda chenye mashine mia tano.

Kinachosumbua ni ukarabati. Anayeunda viatu yumo C; anayeshona kiatu kilichoachia yumo Sehemu S, pamoja na huduma nyingine. Fundi wa magari yuko G, alikowekwa pamoja na wauzaji. Lakini anayekarabati mitambo ya viwanda anarudishwa C, divisheni ya 33. Na seremala mmoja, kwa msumeno mmoja, anahamahama: akiunda mlango yuko divisheni ya 16, akiunda kiti yuko ya 31.

Lugha yetu nayo inaongeza fumbo lake. Neno "kutengeneza" linabeba mambo mawili: kuunda kipya na kurekebisha kibovu. Dodoso likiuliza "Je, unatengeneza bidhaa hapa?" fundi redio atajibu ndiyo, fundi viatu atajibu ndiyo, na wote wawili huenda hawajawahi kuunda kitu kipya tangu wafungue. Kinyume chake, ukiuliza "Je, unazalisha?" mchomeleaji aliyezungukwa na mageti mapya ya kuuza atakwambia, "Hapana, mimi nachomelea tu." Kwake uzalishaji ni wa viwanda vya moshi na honi. Swali lililonifaa zaidi ni la kienyeji kabisa: "Wiki iliyopita umetoa vitu gani hapa, na vingapi vilikuja vikiwa vibovu?" Jibu la sehemu ya pili ndilo linalokwambia umweke wapi. Kanuni ni kumpanga mtu kwa shughuli inayochangia sehemu kubwa ya ongezeko la thamani yake, na usipokuwa na hesabu hiyo, muda wake wa kazi unasaidia kukisia.

Kuhusu neno "ndogo", kila nchi ina mstari wake. India, kwa mfano, kwa miaka mingi ilifuata sheria yake ya viwanda ya mwaka 1948: utafiti wa kila mwaka wa viwanda ulihusu hasa vilivyo na wafanyakazi 10 au zaidi vinavyotumia umeme, au 20 na kuendelea kama havitumii. Walio chini ya mstari huo walitafutwa kwa tafiti tofauti kabisa. Ukiamua mstari wako ni watu 10, uandike ukurasa wa kwanza wa ripoti, na usiusogeze mwaka unaofuata kwa sababu tu namba zingependeza zaidi.

Mauzo na ongezeko la thamani, bega kwa bega

Mauzo yana sifa moja kubwa: fundi anayajua. Muulize amepata shilingi ngapi wiki hii, atakuna kichwa kidogo na kukupa namba. Ongezeko la thamani hakuna fundi anayelijua kwa jina hilo. Ni lazima ulitoe wewe, kwa kuchukua thamani ya alichozalisha na kuondoa thamani ya malighafi na huduma zilizoliwa katika kuzalisha.

Kwa nini basi kujisumbua? Kwa sababu karakana za mji huuziana zenyewe. Tuseme karakana ya chuma inanunua mabomba ya 300 kutoka nje ya mji, inaunda fremu za viti na kuziuza 500 kwa karakana ya pili. Hii ya pili inaongeza sponji na kitambaa cha 200, nacho kimetoka nje ya mji, kisha inauza viti kwa 1,000. Jumla ya mauzo: 1,500. Ongezeko la thamani: 200 kwa wa kwanza, 300 kwa wa pili, jumla 500. Sasa wenye karakana hizo wakioana kibiashara na kubandika kibao kimoja, jumla ya mauzo inashuka hadi 1,000. Theluthi ya "uzalishaji" imeyeyuka, ilhali viti ni vile vile na jasho ni lile lile. Ongezeko la thamani linabaki 500. Kipimo kinachobadilika kwa sababu ya kibao si cha kuupimia mji.

Kosa hili halionekani sana ukipima sekta moja yenye mnyororo mfupi. Linavimba pale mafundi wanapogawana kazi: huyu anakata, yule anachomelea, mwingine anapiga rangi, kila mmoja anamdai mwenzake. Na miji yenye karakana zilizosongamana ndiyo yenye mgawanyo wa namna hiyo.

Upande wa pili, ongezeko la thamani lina mitego yake, na karibu yote iko kwenye kutoa. Kinachotolewa ni kilichotumika: chuma, mbao, uzi, vijiti vya kuchomelea, umeme, mafuta ya jenereta, usafiri wa mzigo, kodi ya pango. Kisichotolewa ni mishahara. Hapa ndipo nimeona madodoso mengi yakiharibika. Mdadisi anaondoa kila senti iliyotoka mfukoni mwa fundi, pamoja na posho za wasaidizi, na anabaki na faida ya mwenye karakana, ambayo ni kipande tu cha pato. Mshahara ni sehemu ya ongezeko la thamani. Ni fungu lililokwenda kwa wafanyakazi. Vilevile usiondoe marejesho ya mkopo, ada ya leseni, wala bei ya mashine mpya. Mashine ni uwekezaji, na uchakavu wake unaondolewa tu kama unataka thamani halisi badala ya ghafi. Hela aliyochota kwenye droo kulipa ada ya mtoto haihusiki hata kidogo, ingawa yeye ataitaja katika matumizi, tena ya kwanza.

Na wale wanaoletewa malighafi na mteja? Mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 2008 unasema mali isiyobadilisha mwenyewe haihesabiwi kuwa ya anayeifanyia kazi. Fundi wa pili kwenye gauni letu uzalishaji wake ni 400, basi; kitambaa cha mteja hakiingii upande wowote. Dodoso lisilouliza "Malighafi ilikuwa ya nani?" litachanganya makundi haya mawili, kisha mtu atakuja kuandika kwamba mtaa mmoja una tija mara mbili ya mwingine.

Lini ningechagua mauzo? Ninapofuatilia karakana zile zile mwezi hadi mwezi ili kujua tu kama kazi inapanda au inashuka. Kwa muda mfupi, uwiano wa malighafi kwa mauzo hautikisiki sana, na swali moja linajibika kwa simu. Benki inayopima uwezo wa mkopaji nayo inayahitaji mauzo, na haina sababu ya kuyaonea haya.

Kuhesabu vitu vyenyewe, yaani milango mingapi, viti vingapi, kunafaa sekta yenye bidhaa moja inayofanana, kama matofali. Nje ya hapo unajumlisha maembe na misumari.

Bei zinapopanda

Ukipima mara moja tu, ruka sehemu hii. Ukitaka kulinganisha miaka, hapa ndipo ongezeko la thamani linapodai adabu zaidi kuliko mauzo.

Karakana ya mageti mwaka wa kwanza imezalisha vitu vya 1,000 kwa malighafi za 600. Ongezeko ni 400. Mwaka wa pili inaunda idadi ile ile ya mageti kwa chuma kile kile, ila bei ya chuma imepanda kwa asilimia 50 na bei ya geti kwa asilimia 30. Uzalishaji sasa ni 1,300, malighafi 900, ongezeko 400 tena. Mtu wa haraka atachukua hiyo 400 na kuigawa kwa 1.3 ili kuondoa mfumuko wa bei. Atapata kama 308 na kutangaza kwamba pato limeporomoka karibu robo. Halijaporomoka. Ukigawa kila upande kwa bei yake, 1,300 kwa 1.3 na 900 kwa 1.5, unarudi kwenye 1,000 na 600, na ongezeko la 400 kwa bei za mwaka wa kwanza. Mafundi hawakufanya kazi pungufu. Walibanwa na bei ya chuma. Hizo ni habari mbili tofauti, na mji unazihitaji zote mbili.

Gharama ya adabu hii ni kukusanya bei za malighafi pamoja na bei za bidhaa. Usipoweza, tumia kipimo cha mauzo yaliyosahihishwa bei kama kivuli cha ujazo wa uzalishaji, lakini sema wazi kwamba ni kivuli.

Kuhesabu mikono

Kuna njia ya tatu inayoanzia mbali na fedha. Unahesabu watu wanaofanya kazi katika viwanda vidogo, kwa saa zao, kisha unazidisha kwa ongezeko la thamani la wastani kwa kila mfanyakazi, lililopatikana kwenye sampuli ndogo ya karakana zilizodadisiwa kwa kina.

Italia iliifanya njia hii iwe maarufu. Mwaka 1987 wanatakwimu wake walilinganisha kazi zilizotajwa na watu majumbani na zile zilizotajwa na waajiri, wakaona pengo, wakalijaza, na pato la nchi likapanda kwa takriban asilimia 18 kwenye karatasi. Waitaliano walishangilia kuipita Uingereza. Hakuna kiwanda kipya kilichojengwa usiku huo. Waliokuwa nje ya hesabu waliingizwa tu. India nayo hutumia hesabu ya nguvukazi kukadiria biashara ndogo zisizosajiliwa.

Mantiki yake naipenda: mtu anaweza kuficha mauzo yake kwa kuogopa kodi, lakini mwenzake wa nyumbani akiulizwa "Baba anafanya kazi gani?" hana sababu ya kudanganya. Udhaifu wake ni ule wastani. Ukiuchukua mwaka huu na kuutumia miaka kumi, unakuwa unapima idadi ya watu na kuiita uchumi. Mafundi wakinunua mashine za kisasa, tija inapanda na wewe hujui. Kazi ikikauka na kila kijana akakimbilia karakana kwa kukosa pengine pa kwenda, namba yako inapanda siku ambazo hali inazidi kuwa mbaya.

Halafu kuna wanagenzi. Kijana anayejifunza kuchomelea, halipwi, anashika chuma asubuhi na kutumwa vifaa mchana: ni mkono mmoja au nusu? Ukimhesabu kamili kwenye mji wakati wastani wako ulikokotolewa bila wanagenzi, umeshavimbisha pato. Nimeona jibu la busara likiwa si kubishana kuhusu thamani yake, bali kumhesabu kwa namna moja pande zote mbili, kwenye idadi ya mji na kwenye wastani wa sampuli. Saa husaidia kuliko vichwa, maana wengi hushinda karakana mbili kwa siku moja.

Kuwapata: orodha, sensa au kaya

Hapa ndipo bajeti huamua, na hapa ndipo matokeo mengi huharibika kabla hesabu haijaanza.

Orodha ya leseni na walipakodi ni rahisi kuliko zote. Iko tayari kwenye kompyuta ya mtu. Inakupa waliosajiliwa. Kwa kuwa kusajiliwa huja na ukubwa na umri wa biashara, unapata wale walionusurika na kukua, na kukosa waliofungua mwaka jana. Na ndani yake wamo waliofunga zamani na hawakurudi kufuta jina. Ninaitumia kwa kazi moja: kupata zile karakana kubwa kati ya ndogo, zenye watu saba, wanane, tisa. Hizo ni chache lakini hubeba sehemu nzito ya pato, kwa hiyo zinafaa kudadisiwa zote bila kubahatisha, na sampuli ibaki kwa wadogo.

Sensa ya viwanda, mlango hadi mlango, ni ndoto ya kila mtu na haina kosa la sampuli, yaani lile linalotokana na kudadisi baadhi tu badala ya wote. Marekani ilijaribu kuhesabu viwanda vyake mwaka 1810, na leo sensa yake ya uchumi hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwenye miaka inayoishia na 2 na 7. Ratiba hiyo peke yake inakuonyesha uzito wake hata kwa nchi tajiri. Kwa viwanda vidogo vya mji ina upofu mbaya zaidi: karani anaona kibao, mlango na mashine. Haoni mashine ya kufumia iliyoko sebuleni, wala seremala anayefanyia kazi uani nyuma ya nyumba, wala mpiga chapa za fulana aliyeko chumbani ghorofa ya tatu. Kama eneo lako la kupima lina mitaa maalumu ya karakana, sensa ya mitaa hiyo pekee ni nafuu na ina maana. Kwa mji mzima, hapana.

Njia ya kaya inageuza mwelekeo. Huanzi na karakana, unaanzia nyumbani. Unachagua kaya kwa kubahatisha, unauliza kila mtu anafanya kazi gani, na ukimkuta mwenye kiwanda kidogo unamfuata hadi kazini kwake na dodoso la pili. Utaratibu unaojulikana kama 1-2-3 uliundwa hivyo na kutumika Yaoundé mwaka 1993: awamu ya kwanza ni ajira, ya pili ni biashara zisizo rasmi zilizoibuliwa na ile ya kwanza, ya tatu ni matumizi ya kaya, ili kuona nani hununua bidhaa za nani. Kati ya 2001 na 2003 ulifanyika katika miji mikubwa saba ya Afrika Magharibi inayotumia faranga ya CFA. Mwaka huo huo wa 1993, wanatakwimu wa kazi wa dunia walikubaliana maana ya sekta isiyo rasmi kwa kuegemea biashara za kaya zisizo na hesabu kamili. Ndiyo maana kuanzia kwenye kaya si ujanja wa kubana bajeti tu.

Fundi anayejificha mbele ya ofisa wa leseni hujitaja bila wasiwasi akiwa kwake. Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii. Ina mambo matatu ya kuchunga. Kwanza, wenye karakana kwa ubia: karakana ya watu wawili wanaoishi nyumba mbili ina nafasi karibu maradufu ya kuangukiwa na bahati nasibu yako, kwa hiyo uzito wake lazima ugawanywe kwa mbili. Likisahaulika, ubia wote wa mji unahesabiwa mara mbili. Pili, wanaolala nje ya mpaka wa mji na kuja kufanya kazi ndani hawataonekani, na wanaotoka kwenda kuzalisha kwingine wataonekana kupita kiasi. Tatu, mwenye kiwanda ni mtu adimu. Kwenye kaya 1,000 unaweza kubaki na mafundi wachache mno wa kugawa kwa sekta na mtaa. Ukitaka kupunguza kosa la sampuli kwa nusu, unahitaji sampuli kubwa mara nne, na mweka hazina ataanza kukukwepa kwenye korido.

Kwa hiyo ninachoshauri kwa mji wa kawaida ni mchanganyiko: orodha kwa wakubwa kati ya wadogo, kaya kwa waliobaki, na swali moja la kuwatenganisha ili mtu asihesabiwe pande zote. Swali hilo ni la idadi ya wafanyakazi, lenye mstari uliochorwa mapema.

Mwanga wa usiku na mita za umeme

Kila mkutano siku hizi una mtu mmoja wa kupendekeza satelaiti. Kwa nchi nzima ina historia nzuri. Kwa karakana za mji naikataa, na sababu ni za kimwili. Vihisi vya zamani vya mwanga wa usiku, ambavyo picha zake za kidijitali zinaanzia 1992, vilirekodi mwangaza kwa namba kutoka 0 hadi 63. Katikati ya mji mkubwa kila kipande kinagota 63 na kubaki pale, kukiwa na karakana kumi au elfu. Kihisi kipya kilichorushwa mwaka 2011 hakigoti hivyo, na picha zake husambazwa kwa vipande vya takriban nusu kilomita, lakini hupita juu yetu karibu saa saba na nusu usiku. Wakati huo mchomeleaji amelala. Kinachoonekana ni taa za barabarani, hoteli na bandari.

Umeme una ahadi kidogo zaidi, hasa kwa uchomeleaji na useremala wa mashine. Ila mita moja hulisha karakana tatu na nyumba mbili, na cherehani ya kukanyaga haili uniti hata moja.

Mbinu nyingine ya mezani ni kuchukua pato la viwanda la taifa na kuupa mji sehemu yake kulingana na ajira. Inafaa kujaza jedwali usiku wa kuamkia kikao. Inadai kwamba fundi wa mji wako ana tija sawa na wastani wa taifa, ambalo ndilo jambo ulilotaka kulijua.

| Njia | Inaona vizuri | Inakosa | Ichague kama |
|---|---|---|---|
| Mauzo kwa simu | Mwelekeo wa mwezi | Mnyororo, malighafi ya mteja | Una karakana zile zile kila mara |
| Orodha ya leseni | Wakubwa kati ya wadogo | Wapya, wa nyumbani | Huna muda, na utasema hivyo |
| Sensa ya mtaa wa karakana | Kila kilicho na mlango | Wa uani na sebuleni | Swali ni la mtaa, si la mji |
| Kaya kisha karakana | Waliojificha | Wanaoingia kutoka nje ya mji | Unataka pato la mji mzima |
| Mikono mara wastani | Miaka iliyo kati ya tafiti | Mabadiliko ya tija | Una utafiti wa kina usiozidi miaka michache |

Karakanani, dodoso likiwa gotini

Njia yoyote utakayochagua itaishia kwa mtu asiyeweka daftari. Swali la "Kwa mwaka unapata kiasi gani?" halina jibu, litazaa namba ya heshima tu, iliyokusudiwa kukuondoa. Uliza juma lililopita. Uliza mwezi gani mzuri na mwezi gani mbovu, na huo mbovu unakuwaje ukilinganisha na huu. Kisha achana na fedha kwa dakika tano, uulizie vifaa.

Mchomeleaji mmoja aliniambia mwezi ule ameuza milango minne. Nilimwandika minne. Baadaye, tukizungumza habari za chuma, akasema amenunua mabomba ya mraba thelathini, na kila mlango wake hula matano. Hesabu hiyo ni milango sita. Mdadisi mwenye haraka angeandika kwamba fundi huyu anadanganya, au angesawazisha kwa siri na kwenda zake. Nikamuuliza mabomba kumi yamekwenda wapi. Akanyanyua turubai nyuma ya mtungi wa gesi: milango miwili imesimama, imeshachomelewa, bado haijapakwa rangi, ya wateja ambao hawajamaliza kulipa.

Ile miwili haikuwa mauzo. Ilikuwa uzalishaji wa mwezi ule, na ndivyo inavyotakiwa kuandikwa: mauzo, jumlisha kilichoongezeka stoo pamoja na kazi iliyo njiani, toa malighafi iliyotumika, si iliyonunuliwa. Kwenye dodoso langu hapakuwa na kisanduku cha turubai. Nikaandika pembeni kwa kalamu, nikamwomba aniambie angeipiga rangi lini.